Mbwa Aliyeitwa Mtachoka

Juzi nilipita nyuma ya soko, hapa mjini Singida, kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikakutana na harufu ya mashudu yaliyotoka kwenye mashine yakiwa bado ya moto. Wenzangu wakiinusa harufu hiyo wanawaza kuku na ng'ombe wa maziwa. Mimi hasira zilinipanda palepale, mtu mzima na mfuko wangu wa nyanya mkononi. Nikasimama pembeni ya mashine mpaka kijana mmoja wa pale akaniuliza, "Dada, nikupimie?" Nikamwambia hapana, nanusa tu. Akanitazama, akaona bora aendelee na kazi yake.

Harufu hiyo ni ya mbwa wangu. Ugali wake tuliusonga kwa pumba za mtama, tukachanganya na mashudu na vichwa vya dagaa, na kwa kuwa nilikuwa namlisha kwa mkono ili anizoee, vidole vyangu vilinuka hivyo mpaka darasani. Alikuwa pitibuli, au ndivyo walivyosema vijana wa bodaboda, na aliitwa Mtachoka. Sijawahi kuhangaika na kiumbe chochote kama nilivyohangaika na yule, na mpaka leo nikikumbuka naona kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo.

Nilikuwa nakaa na bibi, mama yake mama, kijijini upande wa Issuna. Mama alikuwa Arusha anafanya kazi. Aliondoka akasema atakuja kunichukua alizeti ikishavunwa. Alizeti ikavunwa, ikapandwa nyingine, nayo ikavunwa, na mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba mavuno aliyoyasema mama hayakuwa haya, yalikuwa mengine makubwa zaidi ambayo mimi sijayaona. Kila tulipomaliza kupigapiga vichwa vya alizeti uwanjani, niliangalia lile rundo la mbegu nikajiambia bado halijatosha.

Mbwa aliletwa na mjomba Elia, mdogo wake mama, aliyekuwa anaendesha bodaboda. Kambi ya watu waliokuwa wanajenga barabara ilikuwa inavunjwa, na mlinzi wa pale alimpa mjomba salfeti, lile gunia la plastiki, iliyofungwa kwa kamba akamwomba aitupe bwawani akipita. Mjomba akaifunga nyuma ya pikipiki. Mbele kidogo akasikia kitu kinakoroma mgongoni kwake, akasimama, akaifungua. Walikuwa watoto wa mbwa mkubwa wa msimamizi wa kambi. Wengine walikuwa wameshakufa, mmoja tu ndiye alikuwa anahema, wa rangi ya udongo, kichwa kikubwa kupita mwili. Mjomba akamweka ndani ya koti, akamleta kwa bibi, akamtua mapajani kwangu, akawasha pikipiki akaondoka. Ndivyo alivyokuwa mjomba, analeta jambo halafu anakumbuka ana abiria.

Bibi hakuwahi kupenda mbwa. Nilingoja aseme kitoto kile kirudishwe kilikotoka. Badala yake alikitazama, akainua macho akatazama uzio wetu wa minyaa, ambako ng'ambo yake Mama Shabani alikuwa anapepeta mtama, kisha akasema kwa sauti ya kanisani:

"Huyu ataitwa Mtachoka!"

Alisema kwa Kiswahili. Hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili za leo, maana nyumbani kwetu tuliongea Kinyaturu, Kiswahili kilikuwa cha shule, cha wageni, na cha Mama Shabani ambaye aliolewa pale akitokea Kondoa. Lakini mimi nilidhani bibi anatusema sisi, mimi na mjomba aliyekwisha kuondoka, kwamba mtachoka kumlea huyu. Nikalichukua kama mashindano. Nikasema moyoni, tutaona nani atachoka.

Basi nikaanza kazi. Jamani, yule mbwa! Alikula kandambili zangu, akala sabuni ya bibi ya kufulia akatoa mapovu mchana kutwa, akala na mfuniko wa ndoo. Nikimwambia "kaa chini" anapindua tumbo nimkune. Nikimwambia "njoo" anakuja mbio, ananipita, anaenda kumsalimia mtu mwingine. Kila mgeni alimpenda. Mzee wa kanisa alikuja kumjulia hali bibi akarukiwa kifuani, akaondoka na alama mbili za tope kwenye shati jeupe. Mimi ndiye niliyechapwa, bibi akaniambia mbwa haelewi fimbo kwa hiyo niielewe mimi kwa niaba yake.

Na washauri ndio hawakuisha. Vijana wa bodaboda kijiweni walishaona pitibuli kwenye simu zao, kwa hiyo walijua kila kitu. Mmoja aliniambia nimlishe pilipili awe mkali. Mwingine akasema akatwe masikio, asipokatwa hasikii. Nikamuuliza kwani yeye masikio yake yanamzuia kusikia, wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo, na tangu siku hiyo nikipita wananiita mwalimu wa mbwa. Watoto wenzangu walikuwa wanaambiana kwamba pitibuli akiuma taya linajifunga kama kufuli, mpaka aitwe fundi. Hakuna aliyekuwa ameumwa hata ukucha. Nilikuwa naenda shule na hasira, narudi na hasira.

Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni bibi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimegundua, kwa kujaribu na kukosea, kwamba mbwa akiitwa jina lake na akija lazima apate kitu, hata kichwa cha dagaa kimoja. Akipata anakumbuka. Nilishinda nyuma ya zizi na kamba ya katani mkononi, naita Mtachoka, anakuja, anakaa chini, nampa, naita tena. Anaanza kushika. Kesho yake asubuhi bibi anatoka nje na kitenge chake, anasimama karibu na minyaa, anaita kwa nguvu zake zote, "Mtachokaaa! We Mtachoka! Mtachoka tu!" Mbwa anatoka mbio, masikio nyuma, mkia unampiga mbavu, anafika miguuni kwa bibi, na bibi hamtazami. Hana kitu mkononi. Anageuka anaingia ndani kuchemsha uji. Mbwa anabaki amekaa anautazama mlango, na mimi nabaki na kazi yangu ya wiki nzima imemwagika.

"Bibi, usimwite kama humtaki," nilimwambia siku moja, nusu nalia.

"Nani kasema simtaki?"

"Akija humpi kitu."

"Simwiti aje," bibi alijibu, akaendelea kukoroga uji.

Nilidhani ni uzee. Kumbe kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi. Watu waliokuwa wanatoka kulima wakimsikia bibi walijibu kutoka barabarani, "Tumeshachoka, bibi!" wakaenda zao wanacheka. Mama Shabani peke yake hakucheka. Akisikia jina lile anaacha ungo, anaingia ndani na mlango anaubamiza. Mimi nikajua anamwogopa mbwa. Nikaona vibaya, maana alikuwa mwanamke mwema, ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, na kila Idi alitupitishia sahani ya pilau juu ya minyaa mpaka mwaka ule alipoacha. Nikamfuata nyumbani kwake nikiwa nimemfunga mbwa kamba fupi.

"Shikamoo, Mama Shabani. Haumi huyu. Usimwogope."

"Marahaba, Hepi." Hepi ndilo jina langu, jina ambalo halikunifaa kabisa mwaka ule. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. "Najua haumi, mwanangu. Anayeuma sio huyo."

Nikarudi nyumbani nikiwaza ni nani tena anayeuma.

Tuliitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji alizeti ikiwa ndiyo imekauka shambani. Tulikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi, bibi na mimi upande mmoja, Mama Shabani upande wa pili, mbwa amelala juu ya miguu yangu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu, anayependa mambo yaende kwa mpangilio.

"Mlalamikiwa anaitwa nani?"

"Mtachoka," nikajibu, kwa sababu nilidhani ananiuliza mimi.

"Nani atachoka?"

"Ni jina lake, mwenyekiti."

Watu wakacheka. Mama Shabani akasimama.

"Hilo ndilo shauri langu, mwenyekiti. Mimi sina neno na mbwa. Natukanwa. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, natukanwa kwa mdomo wa mbwa. Na kosa langu ni nini? Nilisema kisimani jambo ambalo kila mtu analiona. Nilisema yule mama kule Arusha ameshaolewa na ana maisha yake, na huyu mtoto ameachwa, haji kuchukuliwa. Nilisema kwa huruma. Bibi Hepi akaapa kwamba nitachoka kusema, maana mwanawe atakuja. Basi akanitafutia mbwa."

Nakumbuka nilikuwa namkuna mbwa nyuma ya sikio na mkono wangu haukuacha. Nilikuwa nasubiri bibi acheke, au akasirike, aseme huo ni uongo. Bibi alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena. Ndipo nikaelewa kwamba jina nililoliita mchana na jioni, nililomfundisha mbwa kwa vichwa vya dagaa, nililolipenda, lilikuwa linanihusu mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimchukia Mama Shabani kwa kusema, nikamchukia bibi kwa kukaa kimya, na nikawachukia wote wawili kwa kuongea juu ya kichwa changu kama nilikuwa gunia.

Mwenyekiti akatoa uamuzi. Kwanza, jina lifutwe, mbwa aitwe Popi kama mbwa wengine wa watu. Pili, kwa kuwa mbwa wa aina hii watu wanamwogopa, siku ya mnada ujao aletwe hapa uwanjani, afunguliwe kamba mbele ya watu, aitwe. Akija akiitwa, atakaa. Asipokuja, bwana mifugo atampiga sindano ya kumuua. "Na hilo jina jingine," akamalizia, "likisikika tena kutoka kwenu, hatutangoja hata mnada."

Njiani nilimuuliza bibi, "Mama atakuja?"

"Alizeti ikishavunwa," akasema. Tulikuwa tunapita katikati ya shamba lake, vichwa vyote vimeinama, tayari kukatwa.

Fikiria sasa kazi iliyonibaki. Mbwa aliyechukua msimu mzima kujua jina moja, nimfundishe jingine kabla ya mnada. Nilikaa naye nyuma ya zizi asubuhi kabla ya shule na jioni mpaka giza linaingia. "Popi." Anatazama dagaa mkononi mwangu. "Popi, njoo." Anatazama nyuma yake kuona huyo Popi ni nani. Nilimwita kwa upole, nikamwita kwa ukali, nikamwita huku natembea kwa magoti. Siku moja nililala chali kwenye mavi makavu ya ng'ombe nikalia kwa hasira, akaja mwenyewe bila kuitwa akanilamba machozi. Nikamsukuma. Hakuelewa kwamba nilikuwa nagombania roho yake.

Na bibi hakunisaidia. Asubuhi alitoka kama kawaida, akasimama kwenye minyaa, akafumba mdomo. Hakumwita Mtachoka, lakini Popi hakuwahi kulitamka hata mara moja. Nikamwambia, "Bibi, ukimwita na wewe atazoea haraka." Akasema Popi si jina, ni sauti ya kufukuza kuku. Nikapiga kelele, kitu ambacho sikuwahi kukifanya mbele yake, nikamwambia mbwa atauawa kwa sababu yake. Hakunichapa. Hilo lilinitisha zaidi.

Siku ya mnada ilifika na watu wakajaa, maana walijua kuna cha kutazama. Mjomba Elia naye alikuja, akasimama na vijana wenzake kwa mbali juu ya pikipiki. Bwana mifugo alikuwa na kiboksi chake cha chuma. Mama Shabani alikuwa amekaa kwenye benchi na mjukuu wake, mtoto mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, ameshika kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Nikafungua kamba. Nikarudi nyuma kama nilivyoelekezwa. Mikono yangu ilikuwa inanuka mashudu na niliomba Mungu harufu ile imfikie.

"Popi," nikaita. "Popi, njoo."

Akanitazama. Nitasema kweli, alinitazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Halafu yule mtoto akashuka kwenye benchi, akaanza kutembea uwanjani na muhogo wake, na mbwa akauona muhogo. Akaondoka mbio. Watu wakapiga yowe. Nikaona mwanaume mmoja anainua rungu, mwingine ameshaokota jiwe. Nikapiga kelele, "Popi! Popi! Popi!" na kila nilivyoita ndivyo nilivyojua kwamba naita hewa. Jina lake lilikuwa kooni kwangu na nilikatazwa kulitoa.

"Mtachokaaa!"

Sauti haikuwa yangu. Ilitoka kwenye benchi, ndefu, imevutwa mwishoni vilevile bibi alivyokuwa anaivuta. Mama Shabani alikuwa amesimama, mikono imenyooka mbele.

"Mtachoka! Kaa chini!"

Mbwa akasimama. Akakaa chini, pua yake karibu kabisa na muhogo, mkia unafagia vumbi. Mtoto akamtazama, akamega kipande, akampa. Yule mwenye rungu akalishusha polepole. Nilitamani kumwambia kila mtu pale kwamba nimemfundisha mimi, kwamba kukaa kule ni kazi yangu ya msimu mzima, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama. Watu walikuwa wameanza kucheka, kwanza vijana wa bodaboda, halafu wote. Maana Mama Shabani alikuwa amelitamka neno lile kwa sauti kuu, mbele ya kijiji, uso wake ukiwa umeelekea moja kwa moja kwa bibi.

Bibi hakucheka. Aliinuka kwa kushika goti, akatembea mpaka kwenye benchi la Mama Shabani, akakaa kando yake.

"Mimi nimeshachoka, Mama Shabani," akasema. "Nimechoka, mwenzangu."

Mama Shabani akamshika mkono. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akasema haya ndiyo mambo tunayoyataka, ugomvi umekwisha na mbwa amesikia, aende nyumbani. Walisikia mtu anaomba yaishe. Mimi nilikuwa nimeishi na bibi nikiijua kila sauti yake, na nilisikia kitu kingine. Alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa anamwambia Mama Shabani kwamba alisema kweli. Nikachukua kamba nikamfunga mbwa, na sikulia, kwa sababu nilikuwa na hasira mno.

"Sasa limebaki jina," mwenyekiti akasema. "Popi halijui. Hilo la zamani halifai. Bibi, mpe jina jingine tumalize."

"Mimi majina yamekwisha," bibi akasema. "Mbwa ni wa mtoto. Ampe jina mwenyewe."

Wote wakanigeukia, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Rudi," nikasema.

Mwenyekiti akafurahi. "Rudi! Jina na amri kwa pamoja. Ukimwita umeshamwambia cha kufanya. Huyu mtoto ana akili." Vijana wa bodaboda wakalijaribu palepale, Rudi, Rudi, na mbwa akawatazama mmoja mmoja.

Mama Shabani akainamisha kichwa. Bibi akaniuliza kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama nina hakika, kwa sababu jina la mbwa mtu analiita kila siku, asubuhi na jioni, na kule linakopelekwa si lazima lifike.

Nikamwambia najua. Nitaliita.